Naomba ushauri: mgeni wa Clubs kwenye EA Sports FC aanzie namba ngapi?

Wakuu, salaam. Naingia ligi ya Clubs kwenye gemu ya soka ya EA Sports FC, ile ya 11 kwa 11 ambapo kila mtu anaendesha mchezaji mmoja tu. Timu imeniachia nichague: namba 4 (beki wa kati), namba 6 (kiungo mkabaji) au winga.

Winga inavutia, ila ndiyo inayoumizwa zaidi na intaneti mbovu. Kitufe kikichelewa kuitikia, chenga imeshakufa na beki keshapora. Tena unaweza kukaa muda mrefu hujagusa mpira, ukiupata unataka kufidia, unaupoteza.

Namba 4 inataka nidhamu kuliko vidole. Mgeni hung'ang'ania R2 (kitufe cha kukimbia kwenye PlayStation) akaukimbilia mpira, anaacha pengo nyuma yake, mshambuliaji anapenyezewa pasi. Dawa ni L2, kitufe cha kukabili bila kuvamia: unarudi taratibu huku unamziba njia, kazi ya kukaba unamwachia kiungo. Ukikosea hapo ni goli, na lawama zote zako.

Kwa hiyo naegemea namba 6. Pasi fupi, unabaki mbele ya mabeki, ukipokonywa bado kuna watu nyuma. Ninapokwama ni umbo. Mfupi anageuka na kuchomoka haraka, mrefu ana nguvu na mipira ya juu. Sentimita 175 au 185? Na pointi za mwanzo za kuboresha mchezaji niweke kwenye pasi fupi na pumzi, au kunasa mipira kwanza?

Anayecheza namba hiyo anijuze pia kamera anayotumia. Ile inayomganda mchezaji wako naona inaficha winga wa upande wa pili.