Naomba ushauri: shule imenitumia karatasi ya Title I nisaini

Mama_Watatu:
Ndugu zangu, amani iwe kwenu. Tuliingia Marekani mwaka juzi kutoka kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu, Tanzania. Binti yangu wa darasa la nne ameleta karatasi ya Kiingereza, juu imeandikwa Title I, chini pana nafasi ya mwalimu, mzazi na mwanafunzi kusaini. Aliyenisomea ni yeye mwenyewe. Anasema ni makubaliano, na kuna mkutano Alhamisi saa 12 jioni. Mimi karatasi za kusaini naziogopa. Ya tikiti za ndege tuliisaini, na deni lake tunalilipa hadi leo. Tena kazini naingia saa 11 jioni. Nikisaini nitadaiwa? Nisiposaini mtoto atafukuzwa?

Mkalimani_Mstaafu:
Dada, hakuna deni hapo. Title I ni fedha za serikali ya shirikisho kwa shule zenye watoto wengi wa familia za kipato kidogo. Zilianza mwaka 1965 wakati wa Rais Johnson, na tangu 2015 zinaongozwa na sheria ya elimu ya shirikisho iitwayo ESSA. Inayobanwa na karatasi hiyo ni shule: lazima iandike, pamoja na wazazi, yale itakayoyafanya na yale mtakayoyafanya nyumbani ili mtoto aelewe masomo. Usiposaini, binti yako anaendelea kusoma kama kawaida.

Ila mkutano usiuache. Wilaya ya shule inayopata zaidi ya dola 500,000 za Title I lazima itenge angalau asilimia 1 kwa ajili ya kushirikisha familia, na angalau asilimia 90 ya hiyo ifike mashuleni. Wazazi wana haki ya kusema itumikeje. Inaweza kulipia hata usafiri na mtu wa kuwaangalia wadogo mkiwa kikaoni. Na kuhusu saa 12 jioni, waambie hupo. Sheria inataka shule ipange mikutano kwa nyakati tofauti, asubuhi au jioni.

Baba_wa_Uvira:
Mama, nakuomba sana, mtoto asiwe mkalimani wako. Mimi nilimwachia kijana wangu miaka miwili. Mwalimu anasema hajui kusoma, yeye ananiambia, "Baba, amenisifu." Alikuwa anaogopa kuniumiza. Nilipokuja kujua, alikuwa nyuma ya wenzake kabisa, na hadi leo roho inaniuma.

Mwalimu_wa_Jioni:
Naongezea hapo kwa Baba. Sheria ya haki za kiraia ya 1964 inakataza shule zinazopokea fedha za shirikisho kumbagua mtu kwa asili ya taifa lake, na haki ya mkalimani imejengwa juu yake. Hulipi kitu. Lakini ESSA yenyewe inasema lugha ya mzazi itumike "kadiri inavyowezekana", na baadhi ya shule hujificha hapo. Kwa hiyo omba mapema, tena kwa maandishi: jina la mtoto, darasa, "nahitaji mkalimani wa Kiswahili", tarehe. Ipige picha kabla hujaipeleka ofisini.

Mama_Watatu:
Asanteni, Mungu awabariki. Nimeshaandika, kesho naipeleka mwenyewe nikitoka kazini. Nitawauliza kama kuna kikao cha asubuhi. Na huyu mdogo wa miaka miwili, niende naye mkutanoni au shule itanitafutia mtu wa kumwangalia?

Mkalimani_Mstaafu:
Liandike hilo pia kwenye karatasi hiyohiyo, dada.