Presha kuka iliyomuunguza dada yangu Pemba bado inauzwa Darajani, Unguja, hadi leo!!

Assalaam alaykum ndugu zangu. Nimekaa kimya wiki tano nikisema labda watu watakuwa na imani, lakini leo nimepita kwenye duka lile nikakuta maboksi yamepangwa barazani kama kawaida, na mama mmoja kamshika mwanawe mkono anaoneshwa presha kuka ile ile, rangi ile ile, nimeshindwa kuvumilia. Nimemwambia yule mama palepale, bi mkubwa usinunue hiyo imemuunguza dada yangu, kijana wa duka kanijia juu eti naharibu biashara ya watu. Mama kaondoka, hakununua, alhamdulillah. Lakini nyuma yake watakuja wengine na mimi siwezi kushinda mlangoni pa mtu kutwa.

Nieleze toka mwanzo mana najua watu humu watauliza.

Shaabani nilimnunulia dada yangu mkubwa presha kuka ya umeme, laki moja na alfu arubaini, nikalipa kwa simu. Yeye yupo Wete, Pemba. Nilimuonea huruma anavohangaika na makaa, na siku hizi kila pahala tunaambiwa tuache kuni tuache mkaa tupikie umeme na gesi, na kweli kitu chenyewe hakili umeme sana, mbaazi za kutwa nzima zinawiva kwa nusu saa. Nikaifunga kwenye gunia ikapanda boti ikenda. Dada alifurahi mpaka akanirikodia sauti ananiombea dua.

Kumi la pili la Ramadhani nikenda Pemba mwenyewe. Siku ya tukio nilikuwepo, nimejilaza ukumbini nasubiri magharibi. Dada katia mbaazi na maji, kaweka dakika, baadae ikalia kuwa imemaliza, kaizima, kachomoa na waya ukutani, kangoja. Nasema KANGOJA kwa sababu wa dukani wanasema hakungoja. Alikuwa anakuna nazi wakati huo, mbuzi naisikia kule nyuma, nazi mbili, na nazi mbili hazikuniki kwa dakika moja. Akaja akashika mfuniko akauzungusha, ukazunguka laini kabisa, haukukataa hata kidogo, na hapo ndo ukaruka. Nilisikia mshindo nikadhani mtungi wa gesi wa jirani. Mfuniko ulikwenda ukapiga bati la juu, mbaazi zote na maji yake zikamvaa mkono wa kulia, kifuani na shingoni. Mwanawe wa miaka sita alikuwa katoka jikoni sasa hivi tu kutumwa kwa jirani. Sasa hivi tu.

Na maji ya mle si maji ya kuchemka ya sufuria jamani. Sufuria ya kawaida maji yanachemka nyuzi 100 basi, ndani ya presha kuka yanapanda mpaka 115 au 120 kwa vile mvuke umezuiliwa, ukifungua ghafla yanafura yote kwa pamoja na kutoka nje. Ngozi ya mkono ilitoka na nguo.

Jengine lililoniuma, majirani walivokuja mbio, kila mmoja na dawa yake, mwengine kapaka dawa ya meno, mwengine kaleta asali, nia zao nzuri Mungu awalipe, lakini kule hospitali nesi kakaa kuikwangua ile dawa ya meno juu ya kidonda kibichi na dada analia mpaka wagonjwa wengine wanalia nae. Nesi katwambia mtu akiungua muwekeni chini ya maji baridi ya mfereji yanayotiririka dakika ishirini, si barafu, si dawa ya meno, si samli, baadae mfunike kwa kitambaa safi mumlete. Tafadhalini lishikeni hilo.

Sasa dada ni mshonaji kofia za viua. Anaeijua kazi ile anajua ni vidole tupu, kijishimo kimoja kimoja kwa sindano, kofia moja nzuri inakula mwezi na zaidi. Vidole viwili vya mkono wa kulia ngozi imevuta, haviwezi kufunga. Mume yupo baharini leo anapata kesho hapati, wanaosoma skuli kwa zile kofia ni watoto wanne.

Nikarudi Unguja nikenda dukani kwa adabu kabisa, nimevaa kanzu yangu, nimetoa salamu, nimekaa. Nimewaonesha picha. Mwenye duka kasema pole, kisha kasema hivi: kwanza risiti imeandikwa mali ikishauzwa hairejeshwi. Pili alienunua ni wewe, alieungua si yeye tulomuuzia, hatuna mkataba nae. Tatu pengine kafungua kabla ya wakati, wanawake wana haraka. Na mwisho akaweka mkono kifuani akasema ndugu yangu hii ni kadari, sie waislamu.

Hilo la kadari ndo lilonipandisha damu kichwani. Kadari naiamini mimi na dada anaiamini kuliko mimi na yeye mwenye duka. Lakini Mtume (SAW) alipita sokoni akatia mkono ndani ya lundo la chakula, vidole vikatoka na umaji, akamuuliza mwenye mali nini hichi, yule akasema ni mvua ee Mtume wa Mwenyezi Mungu. Mvua si kadari? Lakini Mtume hakumwambia basi kadari, alimwambia kwa nini hukuyaweka juu watu wakayaona, mwenye kutughushi si katika sisi. Kwa hivo asinifichie aibu ya mali yake nyuma ya kadari.

Na hilo la haraka ya wanawake nalo nilikuwa na jawabu yake mkononi, mana kabla sijatoka Wete shemegi kamwita fundi mmoja wa vitu vya umeme. Fundi kafungua skurubu za mfuniko mbele yetu. Kuna kijipini ambacho presha ikiwemo ndani kinapanda juu, na kikipanda kinatakiwa kizibe kiulimi cha plastiki ili mfuniko usizunguke hata ukiukamata kwa mikono miwili. Kile kiulimi ni kifupi. Hakifiki. Baina yake na kijipini unapitisha ncha ya penseli. Kaurejesha mfuniko kwenye sufuria tupu, haina umeme, ya baridi, kakinyanyua kijipini kwa koleo ndogo, kazungusha, ukafunguka. Nikasema labda hii yetu tu imetoka kiwandani mbovu. Jirani wa mtaa wa pili anayo nyengine ya aina hiyo hiyo kaletewa na mwanawe, duka hilo hilo, tukamwomba, fundi kajaribu, na ile nayo ikafunguka! Mbili kwa mbili. Sasa hapo haraka ya dada inatoka wapi? Na hebu tuseme kweli alikuwa na haraka, kwani ile kufuli ya mfuniko imewekwa kwa ajili ya nani kama si kwa ajili ya mtu mwenye haraka na mtu aliyesahau?

Nikamwambia mwenye duka haya yote. Unajua kanipa nini? Kanambia atatoa alfu hamsini ya dawa na atampa dada PRESHA KUKA NYENGINE MPYA. Ya aina ile ile. Na nitie saini karatasi kuwa hatuna madai tena. Wallahi nilinyanyuka bila ya kuaga.

Nilikwenda kwa wakili, ni mtu wa mtaani kwetu, hakunitoza kitu. Lile neno la kuwa alieungua hakununua kacheka. Kanambia hilo limejibiwa zamani, mwaka 1932, kule Uingereza. Mwanamke mmoja wa Scotland, Bi Donoghue, kanunuliwa soda na rafiki yake mkahawani huko Paisley, chupa haionekani ndani, keshakunywa ndo anaona mabaki ya konokono aliyeoza yanatoka. Kaumwa. Yeye hakununua, kanunua rafiki, mkataba hana na mtu. Majaji wa juu kabisa wakasema mtengenezaji anawajibika kuwa na tahadhari kwa mtu atakaekitumia kitu chake, si kwa alielipa pesa tu. Na nchi zilizorithi sheria ya Kiingereza, sisi tumo, mpaka leo zinaisoma kesi ile. Dada yangu na konokono wake ni mbaazi.

Tatizo wakili kasema utamshtaki nani? Geuza presha kuka uangalie chini: kuna stika ya volti na wati, basi. Hakuna jina la kiwanda, hakuna anuani, hakuna namba ya toleo. Boksi lina picha ya mwanamke wa kizungu anacheka. Kwa hivo anabaki alieuza na alieleta kontena, na muuzaji hataki kumtaja muagizaji. Ndo mana nasema kabla hujatoa pesa geuza kitu uone nani kakitengeneza, mana siku ya kuungua utamtafuta.

Na msinambie haya ni mambo ya bidhaa za bei rahisi tu. Marekani Novemba 2020 kampuni ya Sunbeam iliziita zirudi presha kuka zake za Crock-Pot zaidi ya laki tisa, mfuniko ulikuwa unaweza kuruka ukiwa haujajifunga sawasawa, watu 99 walikuwa wameripotiwa kuungua. Agosti 2023 kampuni ya Sensio nayo ikaziita zake kama laki nane na alfu sitini, hitilafu ni hii hii yetu, mfuniko unafunguka na presha ingalimo, walioripotiwa kuungua 61. Huko kampuni ikijua kitu chake kina hatari inatakiwa iarifu tume ya usalama wa bidhaa ndani ya saa 24, kisha watu wanatangaziwa aina, namba, zimeuzwa wapi na lini, uache kutumia, urejeshewe nini. Watu waliungua na huko, sisemi ni peponi. Ila baada ya kuungua, wengine waliambiwa.

Sie habari hizo hazivuki bahari. Tizameni magari yetu ya Japani, mifuko ya hewa ya Takata iliitwa irudi kwa mamilioni dunia nzima mana ile baruti yake inaharibika kwa joto na unyevu wa miaka mingi, ikiripuka inarusha vyuma usoni mwa dereva, na kampuni yenyewe ikafilisika 2017. Joto na unyevu, yaani hapa hapa kwetu! Lakini barua ya kuita gari irudi inakwenda kwa mwenye gari wa Japani, si kwa alieinunua mkononi Kiembesamaki. Ukitaka kujua ukaangalie mwenyewe kwa namba ya chesisi.

Nirudi kwenye langu. Watu wa familia wananambia kamata pesa umalize. Mimi pesa ya dada nitaidai, matibabu, nauli za boti, kofia alizoshindwa kushona, yote nitaidai, barua wakili anaiandika na malalamiko tunayapeleka Tume ya Ushindani, mana sheria ya kumlinda mtumiaji tunayo, namba 5 ya 2018, na nakala itakwenda Taasisi ya Viwango wakaipime. Lakini kinachonikosesha usingizi ni zile zilizokwishauzwa. Ziko jikoni mwa watu sasa hivi. Na mwenye duka kanambia hana njia ya kuwajua walionunua.

HANA NJIA? Siku ya ishirini na saba ya Ramadhani, dada yupo wodini, simu yangu imelia, ni meseji ya duka hilo hilo: Mteja wetu mpendwa, ofa ya Idi, vyombo vya jikoni bei poa. Namba yangu anayo kwa sababu nililipa kwa simu! Na namba za wenzangu wote waliolipa kwa simu anazo! Meseji ya ofa inatoka kwa watu wote kwa kubonyeza mara moja, meseji ya kusema acheni kutumia presha kuka mtaungua, hiyo haitoki. Meseji moja tu. Nilimwambia nitailipia mimi gharama ya kuituma. Kanyamaza.

Jina la duka siliandiki hapa, wakili kanikataza mpaka barua ifike, msinilazimishe. Alienunua presha kuka ya umeme Darajani baina ya Rajabu na Ramadhani, boksi jekundu, chini ina stika isiyo na jina la kiwanda, asipikie, anipigie picha ya stika anitumie faraghani pamoja na tarehe ya malipo kwenye simu. Na mulionunuliwa na watoto wenu mukapelekewa shamba, au Chake, au Mkoani, mwenye mtu huko ampigie leo hii kabla hajabandika chakula cha usiku.

Atakaeuliza kama ushahidi upo: upo. Presha kuka ipo ndani ya gunia chini ya kitanda cha shemegi, na mfuniko wake uliobonyea, na mbaazi zimeukaukia. Hatuioshi.