Naomba ushauri: rufaa ya kesi ya bangi, siku zinaisha

Habarini wadau. Brathe yangu mdogo alifungwa wiki iliyopita kwa kulangua bangi, walimshika kwa matatu, begi lilikuwa chini ya kiti, yeye anasema si lake na konda hata hakuitwa kutoa ushahidi. Wakili hakuwa naye. Nimesoma hukumu nikaona polisi mmoja anasema misokoto 40 mwingine 34, hiyo inaniuma sana. Rufaa ya Mahakama Kuu ni siku 14, zimebaki 5, nakala ya mwenendo wa kesi (yote yaliyosemwa kortini) bado hatujapewa, kila asubuhi naenda rejistri naambiwa inachapwa. Mama halali. Naweza kufaili petisheni bila hiyo nakala halafu niongeze sababu baadaye? Na dhamana ya kungoja rufaa, tunaombea korti gani?