Tupeane uzoefu: nyoka wa njuga ulimtambuaje ulipokutana naye?

Mzururaji_Tucson: Wakuu, hasa mlioko Arizona, Texas na California. Nilikuja huku nikiamini huyu nyoka ni muungwana, lazima apige njuga za mkiani kwanza. Jioni moja ya Mei, Sabino Canyon, nusura nimkanyage mmoja kajikunja kivulini mwa jiwe. Kimya! Kilichoniokoa ni mkia: pete nyeusi na nyeupe kama pundamilia, ncha butu. Mgongoni ana mabaka ya umbo la almasi. Nikarudi kinyumenyume. Leteni vyenu.

MamaZai: Yangu kinyume. Nyuma ya banda majani makavu yanatetemeka, jitu limebapaza kichwa, linafoka. Shemeji yenu kakimbilia koleo. Jirani, mzee wa Kimexico, akasema tuangalie mkia kwanza. Mwembamba, umechongoka, hauna kitu. Kumbe ni mla panya asiye na sumu, anatikisa mkia majanini ili adhaniwe ndiye. Tapeli! Tukamwacha, na panya bandani siku hizi siwaoni.

Kinyozi wa Phoenix: Msihesabu pingili za njuga mkadhani ni miaka. Pingili huongezeka kila akijivua gamba, na kwa mwaka anaweza kujivua zaidi ya mara moja. Nyingine hukatika. Kichanga ana kifundo kimoja tu, hata akitikisa hakilii, ila sumu kazaliwa nayo. Agosti iliyopita nilikuta kimoja chini ya ndoo, urefu wa rula ya shule. Tangu hapo ndoo naigeuza kwa fimbo.

chombo_cha_bara: Si wanasema kichwa cha pembetatu na mboni iliyosimama wima?

Mzururaji_Tucson: Kichwa hata tapeli wa MamaZai anakibapaza. Mboni, ukishaiona ujue umesogea mno. Kaa mita mbili au zaidi, piga picha ukuze. Na mkiona pete nyeupe za mkia ni pana kuliko nyeusi, huenda ni aina nyingine ya nyoka wa njuga, yule wa Mojave. Sumu yake mara nyingi hushambulia mishipa ya fahamu.

Nuru77: Mwenzangu kazini aliingiza mkono chini ya mbao bila kuangalia, akagongwa. Tukataka kumfunga kamba, mhudumu wa 911, namba ya dharura ya huku, kwenye simu akakataza: msifunge, msichanje, msiweke barafu, vueni pete kabla mkono haujavimba. Alipewa dawa ya kuzima sumu kwa dripu, akapona. Bili ndiyo nusura imuue.

Mgogo_asili: Huku Dodoma kifutu hana njuga. Anafoka tu kama tairi linalotoa upepo, na akilala njiani hakupishi.

MamaZai: Mkia wake ukoje?

Mgogo_asili: Mfupi. Sijawahi kubaki kuuangalia.