Bourbon ya bei ghali: je, inastahili bei yake kwa mtu anayeipenda kwa dhati?

Mkazi_wa_Langata ameuliza:

Hamjambo, ndugu zangu. Kwa miaka minne sasa nimekuwa mpenzi wa wiski ya bourbon. Nilianza na Jim Beam ya kawaida, nikapanda hadi Maker's Mark, na siku za sikukuu hujinunulia Woodford Reserve. Mwezi ujao natimiza miaka arobaini, nami nimetenga fedha za kununua chupa moja ya maana. Kuna duka la vileo karibu na Barabara ya Ngong lenye chupa ya Blanton's, ile ya mviringo yenye farasi na mpanda farasi juu ya kizibo, na mwenye duka ananitaka shilingi 18,000. Kwa fedha hizo ningepata chupa tatu za Woodford.

Sijasikia mtu yeyote akisema kwamba Blanton's ni mbaya, kwa hiyo siulizi kama ni nzuri. Ninachouliza ni kama mtu anayeinywa bourbon polepole, kwa nia ya kuisikia ladha yake, atapata katika chupa ya 18,000 kitu ambacho hakipo kabisa katika chupa ya 6,000, au kama fedha zinakwenda kwa jina na uhaba. Ningependa zaidi kusikia kutoka kwa wale waliokwisha kulipa bei hizo kwa fedha zao wenyewe.

Pipa_la_Pili amejibu:

Ndugu, mimi nimelipa bei hizo na nyingine zilizozidi, kwa hiyo nitakujibu kwa kirefu.

Kwanza tazama kile ambacho sheria ya Marekani inakuhakikishia hata katika chupa ya bei ya chini. Ili kinywaji kiitwe bourbon, sharti kitengenezwe Marekani, angalau asilimia 51 ya nafaka yake iwe mahindi, kisha kilazwe katika chombo kipya cha mwaloni kilichochomwa ndani hadi ubao ukawa mkaa. Hakiruhusiwi kutiwa rangi wala ladha yoyote. Masharti hayo yanaibana Jim Beam yako ya zamani sawasawa na yanavyoibana Blanton's, na ile harufu ya vanila na sukari iliyoungua unayoipata katika zote mbili inatoka kwenye ubao huo mpya.

Bei inapoanza kupanda kutoka hapo, kwa muda fulani unalipia vitu vya kweli: miaka zaidi pipani, kileo kisichozimuliwa sana kwa maji, na mapipa yaliyochaguliwa na mtu mwenye pua nzuri. Lakini hata vitu hivyo si lazima viwe ghali. Ipo sheria ya mwaka 1897 inayotambua wiski iliyotoka kiwanda kimoja na msimu mmoja, ikakaa angalau miaka minne katika ghala linalosimamiwa na serikali, ikatiwa chupani ikiwa na asilimia 50 ya kileo. Evan Williams ya lebo nyeupe inatimiza yote hayo, na kwao Marekani ni miongoni mwa chupa za bei nafuu dukani. Kila jamaa yangu anapokuja kutoka kule, hiyo ndiyo ninayomwagiza.

Kuhusu umri, hapa ndipo wengi wanapopotoka, nami nilipotoka pamoja nao. Tumezoea kuamini kwamba wiski ya miaka 20 lazima iishinde ya miaka 10. Huko Uskoti, ambako hali ya hewa ni ya baridi na mapipa mengi yalikwisha kutumika, imani hiyo ina msingi kiasi. Kentucky, jimbo la Marekani zinakotoka bourbon hizi, kuna joto kali wakati wa kiangazi, pipa la lita 200 ni jipya, na kileo huingia na kutoka katika ubao mwaka baada ya mwaka huku kingine kikipotea hewani. Wenyewe husema kwamba huo ni mgawo wa malaika. Pipa likikaa zaidi ya miaka 20, si ajabu kulikuta limebaki na chini ya nusu. Kwa hiyo bei yake inaeleweka, kwa sababu mtengenezaji amepoteza mali nyingi, ila hasara ya mtengenezaji haikuhakikishii wewe utamu.

Niliwahi kumiminiwa toti moja ya Pappy Van Winkle, bourbon inayosakwa sana, ya miaka 23 nyumbani kwa mjomba wangu huko Lexington. Niliishika kwa mikono miwili. Mwanzo wake ulikuwa mzuri ajabu, wa tende na ngozi, halafu ubao ukakiteka kinywa chote, ukaacha ukavu kama wa chai ya rangi iliyosahauliwa na majani yake ndani ya birika hadi ikapoa. Baadaye mjomba akanipa Weller ya miaka 12, ambayo hutoka kiwanda hicho hicho cha Buffalo Trace na kwa aina ile ile ya mapishi, yaani ngano ikichukua nafasi ya nafaka iitwayo rai (rye). Niliipenda Weller zaidi, na ninasema hivyo bila kusitasita. Pappy ya miaka 23 hupangiwa na kiwanda bei ya mamia ya dola, lakini walanguzi huiuza tena kwa maelfu, na maelfu hayo hayaongezi hata tone moja la ladha.

Sasa turudi kwa Blanton's. Ilianza kuuzwa mwaka 1984 ikiwa bourbon ya pipa moja, yaani kila chupa hujazwa kutoka pipa moja bila kuchanganywa na mengine, na namba ya pipa huandikwa kwenye lebo. Ina asilimia 46.5 ya kileo, na lebo haitaji miaka. Ni wiski nzuri, laini, yenye ganda la chungwa na asali. Hata hivyo, pipa moja maana yake ni kwamba chupa yako inaweza kuwa bora au ya kawaida kuliko ile niliyoonja mimi. Kwa shilingi 9,000 ningeinunua leo hii. Kwa 18,000 ningeiacha hapo rafuni.

Na mwenye duka akikuambia kwamba bei imepandishwa na ushuru, piga hesabu mwenyewe. Tangu mwishoni mwa 2024, ushuru wa bidhaa kwa pombe kali hapa Kenya ni shilingi 10 kwa kila sentilita ya kileo halisi. Chupa ya mililita 700 yenye asilimia 46.5 inatozwa takriban shilingi 326, na yenye asilimia 40 inatozwa 280. Ushuru wa forodha na VAT hufuata thamani ya mzigo, kwa hiyo navyo huongezeka, lakini haviwezi kukufikisha elfu kumi na nane vyenyewe.

Dada_wa_Kaunta amejibu:

Nimehudumu kwenye kaunta za baa hapa Westlands kwa miaka tisa, na ninakubaliana na Pipa_la_Pili karibu kwa kila jambo. Ninaongeza moja tu. Chupa ya mililita 700 hutoa toti 23, yaani utakuwa unakunywa karibu shilingi 780 kwa kila toti ukiwa kwako sebuleni. Kabla ya kulipa, tafuta mahali wanapoiuza kwa toti, uonje moja, bila barafu, na matone machache ya maji baadaye. Nimewaona wateja wengi wakiagiza jina kubwa, wakaionja, kisha wakarudi taratibu kwenye ile waliyoizoea. Nimewaona pia wachache ambao nyuso zao zilibadilika baada ya tama la kwanza, na hao sikuwahi kuwaona wakijutia bei.

Vizibo_Vinane amejibu:

Mzee Pipa_la_Pili, ninakuheshimu, lakini hapa umemnyima ndugu yetu nusu ya jambo. Umeihesabu chupa kana kwamba ni kimiminika pekee. Nilinunua Blanton's yangu ya kwanza wiki aliyozaliwa binti yangu. Vizibo vyake viko vya aina nane, kila kimoja kina herufi yake na farasi katika hatua tofauti ya mbio, kuanzia anaposimama hadi anapovuka mstari wa ushindi, na vikipangwa huunda jina la wiski yenyewe. Nina sita. Kila ninapokishika kile cha kwanza, ninakumbuka jinsi nilivyosimama dirishani usiku ule, mvua ikinyesha, na toti moja mkononi. Mtu anayetimiza miaka arobaini ana haki ya kununua kumbukumbu, mradi ajue kwamba ndicho anachonunua.

Ila nina onyo zito. Miaka miwili iliyopita nilinunua chupa ya jina kubwa kwa mtu aliyejitangaza mtandaoni. Nilipoifungua, plastiki ya shingoni ilichanika kama karatasi ya peremende, na ndani mlikuwa na wiski nyepesi isiyo na nguvu hata kidogo. Chupa tupu za majina hayo zina soko lake. Tangu siku hiyo sinunui kabla ya kuikagua stempu ya ushuru kwa programu ya simu ya Soma Label ya KRA, mamlaka ya mapato ya Kenya, na chupa isiyo na stempu siigusi hata nikibembelezwa.

Pipa_la_Pili amejibu:

Kuhusu kumbukumbu nimekuelewa, ndugu, na nimekubali. Sikuwa na mtoto mikononi nilipokuwa nikipiga hesabu zangu. Bado ninasema kwamba asilipe 18,000 akitarajia ladha mara tatu.

Mkazi_wa_Langata amejibu:

Nawashukuru nyote. Nilifuata ushauri wa Dada_wa_Kaunta, nikaongeza na wangu. Jumamosi shemeji yangu alikuja na kichupa kidogo cha Blanton's alichogawiwa na rafiki yake, nami nikatoa Woodford na Maker's Mark. Mke wangu alimimina jikoni katika glasi tatu zinazofanana, akabandika chini ya kila moja karatasi yenye namba, akatuletea mezani bila kusema neno. Tulionja kwa muda wa saa nzima. Shemeji aliiweka Blanton's ya kwanza. Mimi niliiweka ya pili, nyuma ya Woodford, na nilipoigeuza glasi na kuona namba nilirudia kuionja mara mbili kwa sababu sikuamini. Tofauti ilikuwepo, hasa lile ganda la chungwa lililotajwa hapo juu, lakini ilikuwa tofauti ya hatua moja.

Siinunui Blanton's kwa bei hiyo. Nimemwandikia binamu yangu aliyeko Atlanta aniletee Evan Williams ya lebo nyeupe na, akiikuta kwa bei ya kiwanda, Weller ya miaka 12. Atafika tarehe 14, siku mbili kabla ya sherehe, na glasi zile tatu bado zina namba zake.