Storibodi (michoro ya kupanga shoti kabla ya kushuti) ya mwanzo wa filamu ya kutisha, nisaidieni wakuu

Wakuu habari za jioni, tuna filamu fupi ya chuo, mwanzo wake dakika 2 tu: konda anafagia daladala usiku Mbagala, anakuta kandambili ya mtoto chini ya siti ya nyuma, anaitupa nje, akigeuka iko palepale. Sasa nimechora picha 40 na konda hata siti ya nyuma hajafika 😂 halafu watu wangu wote wanafanana na mihogo. Nachora kila kitu au?

Mchoraji uchwara: Mihogo inatosha mkuu. Chora pale kamera inapohama, sio kila hatua ya konda. Boksi liwe 16:9 kama skrini, chini andika sekunde na sauti. Mimi nilichora kwenye miraba, siku ya kushuti hakuna kilichokaa sawa na taa za kukodi zinahesabu hela.

Dada wa Temeke: Nenda kwenye gari lenyewe na simu, piga picha, mle ndani ni finyu. Na kamera ibaki upande mmoja wa konda, ukiruka upande wa pili ghafla mtu ataona kama anarudi mlangoni.

Mzee wa usiku: Mi hiyo kandambili nisingeionyesha mara ya pili. Konda kageuka, sura yake tu, halafu nyuma tunasikia pa... pa... pa... kwenye bati.

Mleta mada: Nimebaki na picha 14. Ila wewe wa pa pa pa, mimi nakaa peke yangu huku jamani 😭