Kadi 1,000 zimekatwa namba, naambiwa "jazia kwa kalamu"!

Wakuu, naandika huku mkono unatetemeka. Yule mchapaji, wote mnamjua, yule wa "kesho asubuhi njoo uchukue", leo ndiyo kanikabidhi boksi langu la kadi za biashara baada ya hizo "kesho asubuhi" kumi na moja. Nafungua mbele yake. Tarakimu ya mwisho ya namba ya simu haipo! Imeliwa na kisu. Kadi zote 1,000. Namwonyesha. Anaiinua kwenye mwanga kama anakagua noti bandia, halafu anachomoa kalamu sikioni, ananinyooshea: "Jazia tu hapa, si ni tarakimu moja?"

Tarakimu moja mara 1,000! Nijazie mpaka nizeeke?

Kazi nilimtumia ikiwa milimita 85 kwa 55, kama alivyotaka mwenyewe. Nikamuuliza kuhusu ukingo, akajibu "hiyo kazi yangu". Sasa kazi gani hiyo? Kisu huwa kinayumba, ndiyo maana rangi ya chini inavushwa milimita 3 nje ya mstari wa kukatia, na maandishi yanasogezwa ndani. Yeye namba yangu kaibandika ukingoni kabisa kama nguo kwenye kamba. Bluu ya nembo nayo imetoka zambarau, jicho lililopigwa ngumi. Karatasi za barua niliagiza za gramu 100 kwa mita ya mraba, zisizong'aa, kaleta zinazong'aa kama kioo. Nimegonga muhuri kwenye moja, nikaikunja, muhuri ukajichapa upya upande wa pili.

Lakini ile kalamu, wakuu. Kutoka sikioni! Na wino wake kijani, namba imechapwa nyeusi!

Bosi_Mpya: Sampuli uliiona au hukuiona? Jibu hilo kwanza.

Mwenye uzi: Alinitumia picha kwenye simu. Kwenye simu kisu hakipiti!

Bosi_Mpya: Kwa hiyo hukuiona. Haya, pole.

Chapa_Jina: Gawa hivyo hivyo mkuu. Mteja ajaribu 0 hadi 9, akikosa sana ni simu kumi.

Mwenye uzi: Na wale tisa wengine watakaopigiwa, utawaomba radhi wewe?

Mama_Bahasha: Wewe una nafuu. Mimi huyo huyo alinitengenezea bahasha za dirisha. A4 ukiikunja sehemu tatu inaingia vizuri kwenye bahasha ya milimita 110 kwa 220, hapo sina ugomvi. Lakini dirisha kalipasua pabaya. Anwani ya mteja imejificha, kinachoonekana ni kiasi anachodaiwa. Barua imepita mikono yote njiani ikisomwa!

Fundi_Mihuri_No: Kwangu muhuri uliandikwa "Mkurungezi". Nimekuwa Mkurungezi miaka miwili, hakuna aliyeniambia.

Mzee_wa_Rimu: Mimi ni mchapaji, ila siye huyo. Bluu ya skrini ni mwanga. Mashine ina wino wa samawati, majenta, njano na nyeusi, na ile bluu kali ya kwenye kioo haimo. Majenta ikizidi kidogo unapata hiyo zambarau. Ukitaka rangi isiyoyumba, lipia wino maalumu uliochanganywa kwa namba yake. Halafu nyie wateja! Mnaleta nembo mliyoitoa WhatsApp, imebanwa mpaka ina vipele, mnasema "ikuze ijae bango". Nileteeni faili la vekta, yaani mchoro unaokuzwa bila kuharibika, au angalau picha yenye nukta 300 kwa inchi kwa ukubwa wa kuchapwa, ndipo mje na matusi.

Mama_Bahasha: Vekta tutaitoa wapi, na aliyechora nembo hapokei simu?

Chapa_Jina: Labda namba yake nayo imekatwa tarakimu.

Mwenye uzi: Turudi kwenye kalamu jamani. Alinipa KALAMU.

Fundi_Mihuri_No: Uliirudisha?

Mwenye uzi: Ninayo.

Bosi_Mpya: Ngoja, Mzee wa Rimu, si ndiye wewe uliyetuchapia kalenda yenye Juni mbili?

Mzee_wa_Rimu: Juni mbili mlileta nyie. Faili ninalo, na saini yenu iko juu ya sampuli.

Mama_Bahasha: Eh! Na Julai iliendaje?

Bosi_Mpya: Haikuwepo. Mishahara ya Julai tulilipa kwa kubishana.